Chungu Nacho ni Utamaduni

Neno utamaduni limepata bahati mbaya katika nchi yetu. Upande mmoja limetajwa mno hata likachakaa. Upande wa pili halijaguswa kabisa. Mtu akiulizwa utamaduni wa mkoa fulani ni upi, hujibu upesi kwamba ni ngoma zao. Akibanwa zaidi ataongeza nyimbo, mavazi, vitendawili na majina ya watawala wa zamani. Atakuwa amesema kweli, lakini nusu ya kweli, maana hakuna watu waliopata kucheza ngoma hadi alfajiri ilhali matumbo yao ni matupu. Kabla ya ngoma kulikuwa na chungu jikoni, na ngoma ilipokwisha watu walirudi kwenye chungu hicho hicho. Chungu hicho ndicho tulichokisahau, na makala haya yanadai haki yake.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kueleza kwamba ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alipotaka kuonyesha jinsi elimu ya kikoloni ilivyotufanya tuyaonee haya mambo yetu, alitoa mfano wa ngoma: dansi za kigeni upande mmoja, na Gombe Sugu, Mganda, Kiduo na Lele Mama upande wa pili. Mfano ule ulifaa, kwa kuwa kila aliyeusikia aliuelewa. Kosa si la msemaji. Kosa ni letu sisi wasikilizaji tuliougeuza mfano ukawa mpaka. Tukaunda vikundi vya ngoma, tukaandaa mashindano ya ngoma, tukawapokea wageni kwa ngoma. Kisha ngoma ilipokoma tukawakaribisha wageni hao mezani na kuwaandalia vyakula ambavyo wangevipata katika hoteli yoyote ya mji wowote duniani.

Huenda mtu akasema kwamba chakula hakikusahauliwa, kwa sababu mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 tukawa na kampeni ya Chakula ni Uhai. Ni kweli, na kampeni hizo zilifanya kazi kubwa. Lakini zilikitazama chakula kwa jicho la mganga: kipi kinajenga mwili, kipi kinatia nguvu, kipi kinakinga maradhi. Hazikuwa na wajibu wa kukitazama kwa jicho la mwanahistoria, wala la mwanajiografia, wala la mshairi. Kazi hiyo ilikuwa yetu sisi walimu na waandishi, nasi hatukuifanya.

Hoja yangu ni hii. Mkoa haujulikani kwa mtu asiyejua watu wake wanakula nini, wanakunywa nini, nani hulima, nani hupika, nani hupewa kwanza na nani hunyimwa. Aliyepita katika mkoa na chakula chake mkobani ameiona barabara tu. Na taifa linalowafundisha vijana wake mikoa yao kwa ramani bila chungu linawafundisha kuwa wageni katika nchi yao wenyewe.

Tumtazame mtumishi aliyehamishwa. Amezaliwa pwani au nyanda za kati, amesoma, amepata cheti, amepelekwa kufanya kazi wilaya ya Muleba au Karagwe. Anafika na gunia la unga wa mahindi. Anakaa miaka mitatu, anakula ugali wake, na jioni anakunywa soda dukani. Akirudi kwao likizo huwasimulia ndugu zake kwamba watu wa huko hula ndizi asubuhi, mchana na jioni, na tena hula panzi. Wote hucheka. Mtu huyo huyo, akifika Dar es Salaam, atanunua kamba wa baharini kwa fedha nyingi na kuwala kwa fahari, wala halimpitikii wazo kwamba kamba ana miguu mingi kuliko senene na sura isiyopendeza kumzidi. Kwa nini mdudu wa majini ni karamu na mdudu wa angani ni kichekesho? Jibu ni kwamba kamba amekwisha kuidhinishwa na meza za wakubwa wa dunia, na senene bado. Hiyo ndiyo kasumba, na imejificha mahali ambapo hatukuizoea kuitafuta, yaani ulimini.

Kwa kuwa nimekwisha kuutaja mkoa wa Kagera, na tuushike huo huo uwe mfano wetu. Vitabu vya shule husema kwamba Kagera iko kaskazini magharibi mwa Tanzania, imepakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na mashariki ina Ziwa Victoria. Kwamba mwambao wake wa ziwa hupata mvua nyingi, mahali pengine zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Kwamba wakazi wake ni Wahaya, Wanyambo, Wahangaza, Washubi na wengineo. Na kwamba mazao yake ni ndizi na kahawa. Mwanafunzi hukariri, hufanya mtihani, husahau. Lakini na tumkalishe mwanafunzi huyo mbele ya sahani ya ndizi zilizopikwa na maharage katika nyumba ya Mhaya, kisha tumwulize maswali.

Swali la kwanza: ndizi hizi zimeota katika udongo gani? Mgeni aonapo migomba imesongamana na kivuli chake ni cheusi hudhani kwamba Mungu aliwapendelea watu wa hapa kwa kuwapa ardhi yenye rutuba. La hasha. Mvua ile ile nyingi inayosifiwa vitabuni huuosha udongo wa mwambao na kuubakiza maskini. Mtu akitoka nje ya shamba la migomba hatua chache atafika kwenye mbuga ya nyasi fupi, ambayo Wahaya huiita rweya, na hapo ataona jinsi ardhi hiyo ilivyo hasa. Shamba la migomba, yaani kibanja, limetengenezwa na mikono ya watu. Kwa vizazi vingi nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba. Samadi ya ng'ombe ikachukuliwa kwa vikapu ikatiwa mashinani. Majivu, maganda na mabaki ya jikoni yakarudishwa shambani. Kwa hiyo rutuba ya kibanja ni akiba iliyowekwa na mababu, na kila sahani ya ndizi ni faida itokanayo na akiba hiyo. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hili ameelewa jiografia ya Kagera kuliko aliyekariri milimita za mvua. Tena ataelewa kwa nini mgogoro wa kibanja huwaumiza watu wa huko kuliko mgogoro wa fedha, na kwa nini utaratibu wa kale wa nyarubanja, uliomfanya mkulima kuwa mpangaji wa bwana mwenye ardhi, ulichukiwa hata sheria ikautengua katika miaka ya 1960.

Swali la pili: katika nyumba hii mgeni hukaribishwa kwa nini? Hukaribishwa kwa kahawa, lakini si ya kunywa. Ni buni zilizochumwa, zikachemshwa pamoja na majani ya kunukia, zikakaushwa. Mgeni hupewa chache mkononi akazitafuna. Hapa vitabu vyetu vimetenda dhuluma. Mara ngapi tumesoma kwamba kahawa ni zao la kigeni lililoletwa na wamisionari na wakoloni? Kwa Kilimanjaro usemi huo una ukweli, maana huko kahawa ilipandwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Kwa Buhaya si kweli. Kahawa aina ya robusta ilikuwako huko kabla ya Mjerumani kutia mguu, na upandaji wake ulikuwa chini ya amri ya watawala, Abakama, kwa vile ilikuwa kitu cha heshima na cha biashara. Tena ilikuwa kiapo. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjia walichukua tunda moja la kahawa, lenye mbegu mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, wakazipaka damu zao, kila mmoja akameza mbegu ya mwenziwe. Kama mbegu mbili zilivyokaa katika ganda moja, ndivyo nao watakavyokaa. Nani aliyewafundisha wanafunzi wetu mfano huo? Tumewafundisha kwamba kahawa ni zao la kuleta fedha za kigeni, basi. Tumeichukua alama ya udugu tukaifanya tarakimu katika jedwali la mauzo. Na leo, katika hoteli nyingi za nchi inayolima kahawa, na yenye kiwanda chake cha kahawa ya unga pale Bukoba, yaani TANICA, mgeni huletewa kopo la kahawa lililotoka ng'ambo.

Swali la tatu ni la senene. Hawa huja kwa majira ya mvua, kundi kubwa likiwa la Novemba na Desemba, na lile dogo la Aprili na Mei. Katika Kiganda, lugha iliyo jirani na Kihaya, mwezi wa Novemba huitwa Musenene. Basi mdudu huyu amekuwa kalenda. Hukamatwa usiku kwenye mwanga, huondolewa mabawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, au hukaushwa yakawekwa akiba. Ni chakula chenye protini nyingi kinachoshuka kutoka mbinguni bila jembe wala mbolea. Lakini hapa hapa lipo jambo ambalo mtetezi mwaminifu wa mila hana budi kulitaja. Kwa desturi ya zamani wanawake ndio waliokusanya senene, wakawanyonyoa na kuwakaanga, kisha wao wenyewe wakakatazwa kuwala. Walioruhusiwa ni wanaume. Kwa hiyo chungu hakitufundishi uzuri tu wa jamii, hutufundisha na dhuluma zake. Anayetaka kujua nafasi ya mwanamke katika jamii fulani asihangaike kusikiliza hotuba; na atazame nani hupika na nani hula. Mwiko ule umelegea siku hizi, nasi tuseme waziwazi kwamba umelegea kwa haki. Kulinda utamaduni si kulinda kila kitu kilichokuwako. Ni kuchagua kwa macho yaliyo wazi, wala hawezi kuchagua asiyejua vilivyoko.

Swali la nne linatupeleka ziwani. Samaki gani yumo chunguni? Wazee watataja samaki wadogo wadogo wa aina nyingi, akiwemo furu, ambao zamani walijaa tele. Vijana watataja sangara. Samaki huyu hakuwa wa ziwa hili. Aliingizwa katikati ya karne ya 20, akazaliana, akawala wenyeji wake hata aina nyingi za furu zikatoweka. Viwanda vikajengwa kandokando ya ziwa, mnofu wa sangara ukapelekwa Ulaya, na mifupa yenye kichwa na mkia, ambayo watu wameipa jina la mapanki, ikabaki ili iuzwe kwa wananchi. Mwalimu wa uchumi anaweza kutumia saa nzima akieleza maana ya biashara isiyo na usawa. Au anaweza kuweka pangi moja juu ya meza ya darasa na kuuliza: nyama ya samaki huyu iko wapi?

Swali la tano ndilo gumu, nalo ni la kinywaji. Kinywaji cha Wahaya ni rubisi. Ndizi za aina yake huivishwa, humenywa, hutiwa katika hori la mti lililochongwa mfano wa mtumbwi, hukanyagwa pamoja na nyasi mpaka maji matamu yajitenge. Maji hayo, kabla hayajachacha, hunywewa hata na watoto. Kisha huongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hori hufunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku moja hivi kinywaji huwa tayari. Zamani ilikuwa sehemu ya kodi kwa Mukama. Hata leo posa haiendi bila rubisi, wala msiba mkubwa haumaliziki bila rubisi. Ndani ya hori lile mna somo zima la kemia: sukari ya ndizi, hamira inayochachua, joto linalohifadhiwa na majani, hewa inayotoka ikitoa povu. Bibi asiyejua kusoma hulijua somo hilo kwa vitendo, na mjukuu wake wa kidato cha tatu hulikariri kwa majina magumu bila kujua kwamba limekuwa likifundishwa nyuma ya nyumba yao.

Hapo ndipo watu wawili husimama kunipinga. Wa kwanza ni mtu wa maadili: "Je, wataka vijana wafundishwe ulevi?" Namjibu kwamba sitaki mwanafunzi hata mmoja aonje kileo. Kujua jinsi kitu kinavyofanywa na maana yake katika jamii si kukinywa, kama vile kusoma habari za vita si kuua. Ulevi ni adui wa kweli, naye amevunja nyumba nyingi za Kagera na za mikoa yote. Gongo na vinywaji vingine vikali vinavyokenekwa kwa siri vimepofusha watu na kuwaua, wala sitavitetea. Lakini yafaa tumwulize mtu wa maadili swali moja: kwa nini hasira yake humwakia mama auzaye rubisi na kumsahau mwenye baa? Mlevi ni mlevi, awe amelewa kwa kibuyu au kwa chupa. Ila ulimi wetu umegawa mambo: kilichomo ndani ya chupa huitwa bia, na mnywaji wake huhesabiwa kuwa mstaarabu, kilichomo ndani ya kibuyu huitwa pombe ya kienyeji, na mnywaji wake huitwa mlevi.

Mgawanyo huo haukutoka kwa babu zetu. Uliandikwa katika sheria za kikoloni, zilizotenga vileo kwa rangi za watu. Mkataba uliotiwa sahihi huko Saint-Germain mwaka 1919 ulizuia uuzaji wa vinywaji vikali kwa Waafrika, na makoloni yakawa na kanuni za peke yake juu ya pombe ya wenyeji. Kiwanda cha bia kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, nacho kikawa na heshima ya kiwanda. Bendera ya mkoloni iliteremka mwaka 1961, lakini daraja lile la vinywaji lilibaki katika vichwa vyetu. Sisemi kwamba rubisi isidhibitiwe. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliweka leseni, na ni sawa kuwe na leseni, na usafi, na saa za kuuza. Nasema kwamba kudhibiti ni jambo moja na kudharau ni jambo jingine. Chungu kikiwa kichafu huoshwa; hakivunjwi.

Mpinzani wa pili ni mtu wa umoja. Yeye husema: "Mkianza kusifu chakula cha Wahaya, kesho mtasifu cha Wachaga, keshokutwa cha Wagogo, na mwisho wake ni ukabila." Hofu hii yatoka kwa mtu anayeipenda nchi, kwa hiyo yastahili jibu la adabu. Ukabila hauzaliwi na kujua chakula cha mwenzako. Huzaliwa na kutokukijua. Anayemcheka mwenziwe kwamba ni mla panzi hajapata kula naye. Zaidi ya hayo, chungu kimekwisha kufanya kazi ya umoja kabla ya sisi kukiomba. Mtori, chakula ambacho Wachaga humpikia mzazi ili arudishe nguvu, leo huuzwa Dar es Salaam na Mwanza, na hakuna aulizaye kabila la mnunuzi. Maneno mtori, mbege, rubisi na senene yameingia katika Kiswahili yakiwa yamebeba vitu vyake mgongoni, na Kiswahili hakikupungua kwa kuyapokea, bali kilinona. Lugha ya taifa ilijengwa hivyo hivyo, kwa kupokea kutoka kila upande. Kwa nini meza ya taifa isijengwe hivyo?

Wala asije mtu akadhani kwamba natetea usafi wa asili, kana kwamba chakula chetu kilichipuka hapa kisichanganyike na cha mtu. Mgomba wenyewe asili yake ni Asia ya kusini mashariki. Maharage yanayopikwa nao yametoka Amerika, kama vile mahindi na muhogo. Hilo halilifanyi lile sahani kuwa la kigeni. Mgomba uliletwa, lakini kibanja hakikuletwa. Kibanja kilibuniwa hapa. Utamaduni wa watu ni kazi waliyoifanya juu ya kile walichopata. Kwa hiyo sina ugomvi na viazi vya kukaanga na mayai kwa kuwa vimetoka mbali. Ugomvi wangu ni kwamba sahani hiyo moja huuzwa kwa namna moja Tanga, Songea na Bukoba, imekaa mahali pa vyakula kumi bila kuongeza chochote juu yake, na kijana aila huku akiamini kwamba amepanda cheo.

Kitakachopotea tukiendelea hivi si ladha peke yake. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa mkoani Kagera. Majani hugeuka manjano yakanyauka, matunda huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na bakteria huenezwa na wadudu na mapanga kutoka shina hadi shina. Vibanja vilivyotunzwa kwa vizazi viligeuka uwanja mtupu, na watu wengi wakapanda muhogo na mahindi mahali pa migomba. Wataalamu wa kilimo, wakiwemo wa kituo cha utafiti cha Maruku karibu na Bukoba, wamefundisha dawa yake: kukata ua la mgomba kwa kijiti cha panda, kusafisha panga kabla ya kuhamia shina jingine, kung'oa na kufukia kilichougua. Lakini mgomba hauponi kwa maarifa ya bwana shamba peke yake. Huponywa na mtu anayeona kwamba anapoteza kitu. Mkulima ajuaye kutofautisha ndizi ya kupika, ya kuchoma, ya kula mbivu na ya kukamulia, naye ana jina kwa kila moja, atapigania kila moja. Mwanawe aliyefundishwa kwamba ndizi ni ndizi ataona shina likianguka na kusema, "Tutanunua unga." Aina ya mgomba iliyokosa mtu wa kuitaja jina imekwisha kufa hata kabla ya mnyauko kuifikia.

Basi tufanye nini? Sipendekezi tamasha jingine, maana matamasha hula fedha na kuacha picha. Napendekeza mambo matatu yanayowezekana katika shule yoyote, kwa bajeti ndogo.

Kwanza, kila mwanafunzi wa sekondari, kabla ya kumaliza masomo yake, aandike habari kamili za chakula kimoja na kinywaji kimoja cha mahali shule yake ilipo, si lazima pawe kwao alikozaliwa. Aeleze jina lake, mbegu yake, udongo wake, majira yake, chombo cha kupikia, mikono inayopika, nani hula na nani hakatiwi fungu, na kwa nini. Mwalimu wa jiografia atasahihisha habari za udongo, wa kemia atasahihisha habari za uchachu, wa historia atauliza kilitoka wapi, na wa Kiswahili atauliza kila kitu kinaitwaje. Madaftari hayo yawekwe maktabani. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na kitabu cha mkoa ambacho hakuna mchapishaji awezaye kukinunua ng'ambo.

Pili, jiko la shule lenyewe lifundishe. Katika shule nyingi za bweni nchini mwanafunzi hula ugali wa mahindi na maharage tangu Januari hadi Desemba. Twajua sababu: mahindi huhifadhika, hupimika na ni rahisi kupika kwa watu wengi, ilhali ndizi huoza. Sina haja ya kuwabeza wakuu wa shule wanaohangaika kuwalisha vijana mia nane kwa fungu dogo. Lakini siku moja katika juma haishindikani. Ni aibu migomba iote hadi kwenye ua wa shule, na ndani ya ua watoto wasiijue isipokuwa kwa mchoro wa biolojia ubaoni.

Tatu, mwalimu mwenyewe atangulie. Mwalimu aliyehamishiwa mkoa mgeni aanze kazi yake kwa kualikwa, wala asingoje sana kualikwa. Aombe kuonyeshwa jinsi chakula cha pale kinavyopikwa. Kama dini yake au afya yake inamkataza kitu, akatae kwa heshima, na wenyeji wataelewa. Hakuna jamii isiyo na mwiko wake. Lakini kukataa kwa dini ni tofauti na kukataa kwa kiburi, na watoto darasani huzijua tofauti hizo upesi kuliko sisi tunavyodhani. Mwalimu aliyecheka chungu cha mama yao amewafundisha siku hiyo somo moja ambalo hawatalisahau, nalo ni kuona haya.

Wakubwa nao wana sehemu yao. Mgeni wa serikali anapofika Bukoba, kwa nini aandaliwe chakula kilekile alichokula jana Mwanza na juzi Dodoma? Apewe ndizi zilizofunikwa kwa majani yake. Apewe samaki wa ziwa akiwa na mnofu. Apewe buni mkononi na aelezwe maana ya mbegu mbili katika ganda moja. Akiondoka atakuwa ameijua Kagera kuliko aliyepewa ripoti ya kurasa mia.

Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Wengi huisoma methali hiyo kama onyo kwa aliyekimbilia ng'ambo. Yatuhusu na sisi tuliobaki nyumbani, kwa kuwa mtu aweza kukataa kwao bila kuvuka mpaka wowote. Yatosha kuona haya mbele ya sahani ya mama yake. Ngoma zetu tumezirudishia heshima, na kazi hiyo ilistahili. Sasa mwalimu na akamate chaki aandike ubaoni swali hili moja, awape wanafunzi wake wiki nzima ya kulijibu: watu wa hapa hula nini, na kwa nini?